UZI: Unasoma jiolojia ya uhandisi na mazingira? Vya kushika kabla hujashika kompyuta

#1 Jabali la Pugu

Heshima kwenu wakuu.

Kila dirisha la udahili likifunguliwa maswali ni yaleyale: hii jiolojia ya uhandisi ni kozi gani, ina tofauti gani na uhandisi ujenzi, na ukikosa mgodi unaenda wapi. Majibu nayo ni yaleyale, "soko lipo", "soko halipo". Hapa tuongee kazi yenyewe.

Mhandisi ujenzi anapiga hesabu ya jengo. Wewe unamwambia linakaa juu ya nini, na hicho kitu kitabadilikaje mvua ikinyesha, pampu ikivuta maji au jirani akichimba shimo. Anayesomea Dar ana bahati, maana mji mmoja una ardhi tatu. Ufukweni, kuanzia Msasani hadi Kunduchi, kuna mwamba wa chokaa uliotokana na matumbawe ya kale: juu mgumu, ndani una matundu. Mabonde ya Msimbazi, Kizinga na Mzinga yana mchanga na tope la mto, laini, maji yako karibu. Ukipanda Kimara na Pugu unakuta mchanga ulioshikwa na mfinyanzi, na hapo Pugu ndipo kwenye kaolini, ule mfinyanzi mweupe. Mchanga huo ukikauka unasimama wima kama ukuta, ukiloa hauna shukrani. Tazameni makorongo ya maeneo ambayo barabara imepita bila mfereji.

Mkisogea Kibaha mnakutana na mfinyanzi unaovimba na kusinyaa. Huo unapasua nyumba ya tofali ya chumba na sebule na kuliacha ghorofa la jirani likiwa zima. Nyumba nyepesi haina uzito wa kuuzuia udongo usinyanyuke.

Sasa, cha kwanza kushika ni logi ya tundu la uchunguzi, yaani maandishi ya kila kilichokutwa tundu likichimbwa. Wanafunzi wanakimbilia programu za kuchora modeli za pande tatu, lakini modeli inakula kilichoandikwa kwenye logi. Rangi iandikwe udongo ukiwa na unyevu wake, usiusubiri ukauke juani. Fuatisha ugumu, ukubwa wa chembe, aina, na asili kama unaijua. Kwa mfano: "mchanga wa kati, wenye mfinyanzi kiasi, kahawia-njano, umeshikana wastani, mashapo ya mto". Andika kina cha mpaka wa tabaka. Wengi wanaandika kina cha sampuli wakidhani ni kitu kimoja. Andika bomba la kuzuia kuta lilifika wapi, na maji ya kuchimbia yalipotelea kina gani.

Na maji ya ardhini yapimwe mara tatu: yalipogongwa, baada ya kama dakika 20, na asubuhi kabla ya kazi kuanza. Kipimo cha asubuhi ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, na ndicho anachokitafuta mtu anayetaka kuchimba ghorofa la chini ya ardhi pale Upanga au Kariakoo.

Karibuni.

#2 Kijana wa Changanyikeni

Asante mkuu, uzi umekuja wakati wake. Naomba mtufafanulie SPT, kile kipimo cha kugonga ardhi kwa nyundo ndani ya tundu. Darasani tunapewa N, idadi ya mapigo, kwenye jedwali, lakini haielezwi inaharibikaje huko saiti.

#3 Mama Sampuli

Swali zuri mdogo wangu. Jedwali halionyeshi jasho.

Nyundo ina kilo 63.5 na inaanguka sentimita 76. Chini kuna bomba fupi la sampuli linalofunguka nusu kwa nusu. Unaligonga liingie sentimita 45 na unahesabu mapigo kwa kila sentimita 15. Sentimita 15 za kwanza ni za kulikalisha tu, hazihesabiwi. N ni jumla ya mbili zilizobaki. Ukipata 6, 8, 11, basi N ni 19. Ukiona mtu kaandika 25 kajumlisha zote tatu, na hilo kosa lipo kwenye ripoti nyingi kuliko unavyodhani.

Mapigo yakifika 50 kabla ya sentimita 15 kuisha, simamisha na uandike yameingia kiasi gani. "Imegoma" peke yake haitoshi. 50 kwa sentimita 12 ni mchanga ulioshikana sana. 50 kwa sentimita 2 huenda umekaa juu ya jiwe.

Vinavyoharibu:

Maji ndani ya tundu kuwa chini kuliko maji ya ardhini. Ukichomoa vyuma haraka kwenye mchanga, maji yanasukuma kutoka chini, mchanga wa kitako unachemka na kulegea, unapata N ya 4 mahali penye 18. Kigamboni na pwani yote hili ni tatizo la kila siku. Dawa yake: weka maji au tope la bentonaiti (mfinyanzi unaovimba) lizidi usawa wa maji ya ardhini muda wote, chomoa polepole.

Kitako kutosafishwa. Unagonga kifusi chako mwenyewe.

Kokoto kuziba mdomo wa bomba. Hapa N inapanda kwa uongo. Dalili yake ni mapigo mengi, sampuli kiduchu, na jiwe limekaa mdomoni. Liandike hilo jiwe kwenye logi.

Nguvu ya nyundo. Nyundo ya kuvutwa kwa kamba huweza kufikisha asilimia 45 tu ya nguvu inayotakiwa, wakati ya kujiendesha hupita 80. Hesabu za msingi zimezoea asilimia 60, kwa hiyo N ya 20 kutoka nyundo ya asilimia 45 ni 20 × 45 ÷ 60, yaani 15. Aina ya nyundo isipoandikwa, anayesoma ripoti hana la kufanya.

Kuna jingine la mchanga mwembamba wenye tope chini ya maji. N ikizidi 15, maji yaliyobanwa huipandisha, hivyo kuna marekebisho ya zamani: 15 jumlisha nusu ya ziada. 19 inakuwa 17.

#4 Nondo16

Mimi niko upande wa pili wa meza, upande wa zege. Kwa heshima zote wajiolojia mna tabia ya kuandika hadithi. "Mashapo ya kipindi cha Neojini yenye rangi ya kutu." Mimi nataka uwezo wa ardhi kwa kilopaskali na mshuko kwa milimita. Ukishanipa N na CBR (kipimo cha ubebaji wa udongo wa barabara), hadithi ya nini?

#5 Jabali la Pugu

Mkuu Nondo16, hadithi ndiyo inayokuambia namba inatumika hadi wapi.

Chukua chokaa ya matumbawe. Tundu la kwanza, mita 2 chini, N imegoma. La pili hivyohivyo. Kwa namba peke yake unaweka msingi wa kawaida na unalala. Mjiolojia anajua chokaa huyeyuka polepole kwenye maji ya mvua, na kwamba maji ya bahari yalikuwa yakipanda na kushuka. Kwa hiyo anatarajia matundu, mengine yamejaa mchanga legevu. SPT haiwezi kuuona uwazi ulio nusu mita chini ya mahali ilipogomea. Pale inabidi kuchimba kwa kuchukua kore (vipande vya mwamba vyenye umbo la silinda), au mashine ya kutoboa haraka chini ya kila nguzo kubwa, na kuangalia dalili tatu: fito kudondoka ghafla, maji au hewa kutorudi juu, na kasi ya kuingia kubadilika. Kupima ukinzani wa umeme wa ardhi husaidia kujua wapi pa kutoboa. Ila karibu na bahari maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno, picha yote inakuwa ya bluu na tundu lenye maji ya chumvi linafanana na kila kitu.

Kwenye tope la Msimbazi ni kinyume chake. N inatoka 1 au 2 au fito zinazama kwa uzito wake zenyewe. Namba hiyo haikusaidii kupiga hesabu ya chochote. Hapo unahitaji kipimo cha mabawa yanayozungushwa ndani ya udongo, au koni inayosukumwa taratibu, pamoja na sampuli isiyovurugwa kwa ajili ya kupima mshuko wa muda mrefu.

#6 Nondo16

Hapo kwenye kugoma nimekuelewa. Bado nasema mpunguze majina ya vipindi.

#7 Tofali Bichi

Wakuu, mtu akitaka kujenga ghorofa nne Mbezi Beach anatakiwa matundu mangapi na kina gani? Naambiwa matatu ya mita 6 yanatosha.

#8 Mama Sampuli

Kina hakitoki kwenye idadi ya ghorofa, kinatoka kwenye upana wa msingi. Unashuka mpaka mahali ambapo mzigo wa ziada umebaki kama sehemu ya kumi ya ule ulioko chini ya msingi. Kwa msingi wa mraba ni kama mara mbili ya upana wake.

Msingi wa nguzo moja wenye mita 1.5 unakudanganya useme mita 3 zinatosha. Misingi ikikaribiana, mizigo yake inakutana chini na ardhi inaiona kama msingi mmoja mkubwa. Kiwango cha Eurocode 7 kinataka chini ya msingi wa nguzo ushuke angalau mita 6 au mara tatu ya upana wake, ile kubwa zaidi. Kwa jamvi la zege linalobeba jengo zima ni mara moja na nusu ya upana wa jamvi, kwa hiyo jamvi la mita 20 linadai mita 30. Kwa nguzo za kuzamishwa, angalau mita 5 kupita ncha, na kwenye chokaa yenye matundu usiridhike na hizo. Umbali kati ya tundu na tundu kwa majengo marefu ni mita 15 hadi 40.

Hizo mita 6 zinahesabiwa kuanzia kitako cha msingi, si kuanzia majani. Msingi ukikaa mita 1.5 chini, tundu ni mita 7.5. Matatu ya mita 6 ni bei, siyo uchunguzi.

#9 Kokoto za Lugoba

Naongezea upande wa vifaa vya ujenzi, maana huku ndiko vijana wengi wa Dar wanapata kazi ya kwanza na hawajui wanatazama nini.

Kokoto ngumu za Dar zinatoka zaidi Lugoba na Msolwa, upande wa Chalinze. Sokoni kila kitu kinaitwa graniti. Ukivunja na kutazama, nyingi ni naisi, mwamba uliopikwa na kukandamizwa, una mistari. Mistari hiyo ndiyo inayotoa kokoto bapa, hasa mashine ya kusaga ikilishwa kidogo kidogo badala ya kujazwa. Kokoto bapa zinalala, zege linadai maji zaidi, lami inavunjika. Wapimaji wanalaumu mwamba wakati kosa ni ulishaji wa mashine. Jaribu mashine ikiwa imejaa kabla hujahama mwamba.

Kokoto za matumbawe za Kunduchi zinanyonya maji na zinasagika kirahisi zaidi. Kwa jamvi la nyumba ndogo sawa. Kwa tabaka la juu la barabara kubwa, pima kwanza kusagika kwa kubanwa, kusagika kwenye pipa la Los Angeles (pipa linalozungushwa na mipira ya chuma), na nguvu ikiwa imeloa ukilinganisha na ikiwa kavu. Tofauti ya kavu na mbichi inasema mengi kuliko namba moja moja.

Jingine linalopuuzwa: kwenye naisi kuna kwazi iliyokunjwa-kunjwa, na hiyo huweza kugombana na alkali ya saruji taratibu hadi zege likapasuka kama ngozi ya mamba. Kipimo cha haraka ni vipande vya chokaa-saruji vinavyolowekwa kwenye soda kali ya nyuzi 80 kwa siku 14. Mrefuko chini ya asilimia 0.10 ni salama, ukizidi 0.20 tafuta jiwe jingine au badilisha saruji. Katikati yake unahitaji kipimo cha muda mrefu.

Moramu nayo, ule udongo wenye changarawe wa kujengea barabara: mwongozo wa barabara wa Tanzania wa 1999 unaigawa kwa CBR, G3, G7, G15, G25, G45 na kuendelea. G45 maana yake CBR isiyopungua 45 baada ya kulowekwa siku 4. Shimo la moramu halina ubora mmoja. Safu nzuri mara nyingi ni mita moja au mbili tu, chini yake ni mfinyanzi. Dereva wa tingatinga hajui mpaka huo. Unatakiwa uuchore wewe na usimame pale.

#10 Kijana wa Changanyikeni

Mkuu Kokoto, kuhusu kupima mipaka ya unyevu wa moramu: maabara tunakausha kwenye tanuri nyuzi 105 halafu tunapima. Ni sawa?

#11 Mama Sampuli

Usikaushe kwenye tanuri! Udongo wa tropiki una madini yanayobadilika yakipata joto, hayarudi yalivyokuwa, na chembe zinashikamana. Mfinyanzi hatari utaonekana mpole. Uanike kivulini upungue unyevu tu, kisha upitishe kwenye chekecheo la milimita 0.425. Ukitumia koni ya gramu 80, kikomo cha umajimaji (unyevu ambao udongo unaanza kutiririka) ni pale inapozama milimita 20. Kwa kikombe cha Casagrande, mapigo 25 yafunge mfereji kwa kama milimita 13. Kikomo cha unyumbufu (unyevu ambao udongo unaacha kufinyangika), viringisha uzi hadi milimita 3 ukatike. Udongo ulioachwa na maji usiku mzima unatoa jibu tofauti na ule uliochanganywa na kupimwa papo hapo. La kwanza ndilo la kuamini.

Kwa huko Kibaha ongeza kipimo cha masikini: sentimita 10 za ujazo za udongo mkavu uliosagwa kwenye silinda ya mililita 100 yenye maji, subiri utulie. Ukifika 20 umevimba asilimia 100, usiweke msingi wa kina kifupi hapo bila mazungumzo marefu.

#12 Mwamba wa Geita

Naona mmejaza zege. Ngoja nilete upande wa mgodi.

Kwenye kore, RQD (asilimia ya vipande virefu vya mwamba) inafundishwa kwa dakika tano na kukosewa miaka mitano. Mfano: mkupuo mmoja (urefu uliochimbwa kwa mara moja) wa mita 1.50. Vipande ni sentimita 32, 18, 8, 24, 7, 15, 11, na sentimita 20 za vifusi. Kilichopatikana ni sentimita 135, asilimia 90. Kwa RQD unachukua vipande vya sentimita 10 na zaidi: 32+18+24+15+11 = 100. Gawa kwa 150, ni 67. Mwamba wa wastani, kwa sababu wastani ni 50 hadi 75.

Wanapokosea: kipande kilichovunjika wakati wa kutolewa kwenye bomba au kwa nyundo ili kiingie kwenye sanduku kinahesabiwa kama mpasuko wa asili. Mpasuko wa asili una kutu, mfinyanzi, kalsaiti au uso uliong'arishwa. Mpasuko mpya ni safi na unakaa ukiunganisha. Unganisha, halafu upime kwa mstari wa katikati, usipime upande mrefu. Na uifanye siku hiyohiyo. Mwamba wenye mfinyanzi ukikaa kwenye sanduku wiki mbili unajipasua wenyewe na RQD inashuka ukiwa umelala.

RQD haijui mwelekeo. Mwamba wenye RQD ya 90 unaweza kuangusha ukuta mzima wa shimo kwa mpasuko mmoja tu. Hapo ndipo dira inaingia. Unapima mwinamo na uelekeo wa mwinamo. Tuseme ukuta wa shimo ni 70/120 (mwinamo nyuzi 70 kuelekea nyuzi 120), mpasuko ni 45/110, na msuguano wake nyuzi 32. Uelekeo umetofautiana nyuzi 10 tu, chini ya 20. Mwinamo 45 ni mdogo kuliko 70, kwa hiyo mpasuko unatokeza usoni. Ni mkubwa kuliko 32, kwa hiyo unateleza. Masharti yote yametimia. Ukigeuza ukuta ukaelekea 180 mpasuko uleule hautelezi kwa namna hiyo. Baada ya hapo angalia makutano ya mipasuko miwili, yanatoa kabari.

Kuhusu dira: zilizosawazishwa kwa Ulaya sindano yake huku kwetu inainama na kugusa kioo, unasoma uongo bila kujua. Nunua ya kusini mwa ikweta au inayorekebishika. Nyundo ya jiolojia iweke mbali. Na ukipima kwenye mstari mmoja tu wa ukuta, mipasuko inayokwenda sambamba na mstari huo hutaiona. Pima mstari wa pili unaokata wa kwanza.

#13 Duara Namba Tatu

Na kwa wachimbaji wadogo? Huko hakuna kore wala nini.

#14 Mwamba wa Geita

Kweli, lakini jiolojia ni ileile. Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, likishuka kwenye mwamba uliooza, mita za juu ndizo zinazoua, kwa sababu ni udongo uliovaa sura ya mwamba. Matimba (miti ya kuzuia kuta) yaanze mdomoni. Wengi wanaanzia pale panapoonekana pabaya. Kifusi kisirundikwe ukingoni. Kinaongeza uzito na maji ya mvua yanapita chini yake kuingia duarani. Chimba mfereji wa kukinga maji upande wa juu wa mteremko. Mipasuko miwili inayokutana juu ya kichwa ikitengeneza paa la nyumba ni kabari inayosubiri. Kila baada ya mvua kubwa, mtu mwenye mti mrefu agonge kuta kabla ya wengine kushuka. Sauti ya mtungi mtupu maana yake kipande kimeachana na mwamba.

#15 Maji Chumvi

Tusisahau nusu ya pili ya jina la uzi: mazingira. Wengi wanadhani ni kuandika ripoti ya kupeleka NEMC, baraza la taifa la mazingira. Ni kemia na maji.

Mgodini mwanzo wa tatizo ni pairaiti, madini ya chuma na salfa. Ikiwa chini ya maji imelala. Ukiichimba ikapata hewa na mvua inatoa asidi, na asidi inayeyusha metali nyingine. Swali ni kama mwamba huohuo una kabonati za kutosha kuizima. Hesabu ya kwanza ni rahisi: asilimia ya salfa ya salfaidi mara 31.25 inakupa kilo za kalsiamu kabonati zinazohitajika kwa kila tani. Salfa 1.2 ni 37.5. Maabara ikikuambia uwezo wa kuzima ni kilo 60, uwiano ni 1.6. Chini ya 1 itatoa asidi, juu ya 2 au 3 kuna usalama, 1.6 ni eneo la mashaka, linakwenda kwenye kipimo cha muda mrefu. Hicho ni kilo moja ya mwamba kwenye chombo, siku tatu hewa kavu, siku tatu hewa yenye unyevu, siku ya saba unaosha na kupima maji yake, angalau wiki 20.

Mitego miwili. Ukitumia salfa yote badala ya salfa ya salfaidi, jasi itakuingiza hofu ya bure. Na madini ya siderati (kabonati ya chuma) yanajifanya kabonati nzuri, lakini chuma chake kikioksidika kinarudisha asidi.

Kifusi cha mgodi kisipangwe kwa umbali wa lori. Kinachotoa asidi kinakaa katikati, kimefunikwa na kisichotoa, chini pana mfinyanzi uliobanwa. Hilo linaamuliwa kabla ya lori la kwanza kumwaga. Likishamwagwa ni gharama ya miaka.

Mabwawa ya topesumu (tope linalobaki mgodini baada ya kutoa madini) nayo ni kazi ya mjiolojia wa uhandisi toka siku ya kuchagua bonde. Brumadinho kule Brazili, Januari 2019, watu 270. Kwetu ukuta wa bwawa la Mwadui ulivunjika Novemba 2022. Kinachotazamwa kila wiki ni usawa wa maji ndani ya ukuta kwa mabomba ya kupimia, na upana wa ufukwe kati ya maji ya bwawa na ukuta. Maji yakisogea ukutani, simamisha kumwaga upande huo. Maji yanayochuruzika chini ya ukuta yakiwa safi, pima kiasi. Yakiwa na tope, ukuta unaliwa ndani. Ita watu usiku huohuo.

#16 Jabali la Pugu

Umenikumbusha Katesh, Hanang, tarehe 3 Desemba 2023. Sehemu ya mlima iliyolainika kwa kuoza na kulowa iliporomoka, ikaingia kwenye njia za maji, ikawa tope linalobeba mawe na miti. Mwanafunzi akiangalia ramani ya mitaa pekee haoni kitu. Akiangalia sura ya ardhi, feni ya mashapo (rundo la udongo na mawe lililotandazwa na maji) chini ya mlima, anaona kwamba njia hiyo ilishawahi kutumika. Feni ni kumbukumbu. Ipigie mstari kwenye ramani kabla ya kupima viwanja.

#17 Tofali Bichi

Maji Chumvi, jina lako linanigusa. Visima vya Dar pwani vinaanza vitamu baadaye vinakuwa chumvi. Je, ni kina?

#18 Maji Chumvi

Ni uzito. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari. Kwa kanuni ya kawaida, kila mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 chini yake. Geuza hesabu: pampu ikishusha maji nusu mita, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 20. Hivyo ukichimba zaidi kutafuta utamu unajisogeza kwenye chumvi.

Fanya hivi: pima upitishaji umeme wa maji saa ya kwanza ya kupampu, ya sita na ya ishirini na nne. Ukipanda wakati kiwango cha kuvuta ni kilekile, punguza uvutaji na gawanya kwenye visima viwili vifupi. Usiweke pampu karibu na kitako. Sampuli ya maji ya kisima kilicholala wiki nzima haina maana. Vuta kwanza ujazo wa bomba mara tatu, subiri upitishaji utulie, ndipo ujaze chupa.

Na kwa wajenzi: hayo maji ya chumvi msiyachanganyie zege lenye nondo. Mchanga wa ufukweni hivyohivyo. Sheria ya Mazingira ya 2004 pia inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mto au ufukwe, kwa hiyo wanaochota mchanga kingoni mwa Mto Mpiji wanabomoa ukingo na kuvunja sheria kwa koleo moja.

#19 Nondo16

Swali la mwisho kutoka upande wa zege. Tukichimba ghorofa la chini ya ardhi katikati ya mji na kuvuta maji, nyumba ya jirani inashuka. Nani alitakiwa aseme mapema?

#20 Jabali la Pugu

Mwenye logi. Kushusha maji mita moja kunaongeza uzito kwenye mifupa ya udongo kwa kama kilopaskali 10. Mchanga ulioshikana hautajali, tope laini litashuka. Kwa hiyo kabla ya pampu unatakiwa uwe na mabomba ya kupimia maji nje ya uzio, upande wa jirani, angalau mawili. Uwe na alama za kupimia kwenye kuta zake na picha za nyufa zilizokuwepo tayari, zenye tarehe na rula ndani ya picha. Maji yanayotoka kwenye pampu yapitishe kwenye ndoo nyeupe kila asubuhi. Mchanga ukikaa kitakoni, huvuti maji tu, unavuta ardhi ya jirani. Zima, weka kichujio.

#21 Kijana wa Changanyikeni

Wakuu nimenakili yote. Kama nina nafasi ya masomo mawili ya hiari mwaka huu, nichukue yapi?

#22 Mama Sampuli

Haidrojiolojia na makanika ya udongo. Programu za ramani jifunze mwenyewe, QGIS ni ya bure. Likizo usikae, omba hata kubeba masanduku ya kore. Nunua lenzi ya kukuza mara kumi, chupa ndogo ya asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10, na penseli. Kalamu ya wino inafutika logi ikinyeshewa.

#23 Kokoto za Lugoba

Na alama ya kina andika kwenye kibao ndani ya sanduku, sio kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.